Kipande cha Mzee Absalom

Kombewa, 2 Juni 2025

Bwana Byron Okello,
Karani wa Kumbukumbu, Maabara ya Patholojia, Kisumu.

Nimesimama mbele ya dirisha lako mara tatu, na kila mara umeniambia nirudi wiki ijayo bila kuniangalia usoni. Leo nakuandikia kwa sababu maneno ya dirishani huyasahau mara tu ninapogeuka. Barua hii hutaisahau. Nakala ninayo.

Baba yangu ni Absalom Ogweno wa Pap Onditi. Mwaka jana alipasuliwa hapo kwenu, uvimbe ukatolewa kwenye kibofu chake, na kipande cha nyama kikabaki maabara yenu kikiwa kimegandishwa ndani ya nta. Sasa ugonjwa umerudi. Daktari wa moyo amesema baba hawezi kutiwa usingizi wa upasuaji tena, kwa hiyo hakuna kipande kingine kitakachokatwa. Hicho mlicho nacho ndicho pekee.

Ghorofa ya pili ya jengo lenu kuna utafiti wa dawa mpya, ile ya kuuamsha mwili upigane na saratani wenyewe. Hawampokei mtu kabla ya kupima alama fulani kwenye kipande chake. Mwisho wa kupokea wagonjwa ni tarehe thelathini mwezi huu. Mwenye funguo za rafu ni wewe. Kwa maneno mengine, baba yangu anakufa kwa sababu kijana mmoja mwenye shati lililopigwa pasi vizuri hataki kuinuka kwenye kiti.

Kama unangoja kitu kidogo, sema wazi nikuripoti. Kama ni uvivu, sema wazi pia. Sitaki barua ya pole. Nataka kipande.

Mwalimu Caren Ogweno


Kisumu, 4 Juni 2025

Mzee Absalom,

Salamu kwako na kwa wote wa nyumbani. Barua hii nimempa Mama Apiyo wa kijijini kwenu alipokuja kuuza mchele soko la Kibuye, kwa kuwa ulinionya kwamba simu yako hushikwa na wajukuu.

Binti yako Mwalimu Caren ameniandikia kwa ukali. Anataka kipande chako kwa ajili ya dawa mpya. Mimi sijui nimjibu nini.

Utakumbuka ulivyokuja mwezi wa Februari ukakaa kwenye benchi letu tangu asubuhi, ukisema umekuja kuchukua kilicho chako. Kanuni yetu inasema mgonjwa apewe kipande chake baada ya kutia sahihi yeye pamoja na daktari. Daktari Naeema, mkuu wa maabara, alikuwa safarini. Wewe ulitia sahihi yako. Ya daktari haipo hadi leo. Nilikupa kwa sababu ulizungumza nami kama baba, na kwa sababu nami nimezaliwa huku, nikaelewa mtu anaposema hataki kuzikwa akiwa na upungufu. Kisha ukaniomba nisimwambie mtu yeyote wa nyumbani kwako, nami nikakubali.

Wakati ule hatukujua, wewe wala mimi, kwamba kitahitajika. Sasa kinahitajika. Nakuomba ukirudishe. Kama hilo ni gumu, basi mwambie binti yako mwenyewe kwamba unacho wewe, aache kunitafuta. Mkataba wangu wa kazi unaangaliwa mwezi huu, na kila mlango ukigongwa hapa ofisini moyo unanienda mbio.

Samahani kwa kukusumbua.

Byron Okello


Pap Onditi, 7 Juni 2025

Kijana,

Barua imefika. Apiyo hakuifungua, ila aliiinua kwenye jua asome kwa ndani. Nimefanya kazi posta mpaka nikastaafu, bahasha iliyochunguliwa naijua. Safari nyingine tumia karatasi nzito.

Nilikuomba jambo moja tu, ufunge mdomo. Miezi minne haijaisha na tayari unalia kama mtoto aliyenyang'anywa muwa. Mlango ukigongwa moyo wako unakwenda mbio? Wangu unakwenda hivyo hata mlango usipogongwa, na daktari ameniambia nisiuchoshe kwa barua za kijinga.

Nikueleze, halafu usiulize tena. Mke wangu Dorca, mama yake huyo Mwalimu, walimtoa uvimbe tumboni katika hospitali nyingine. Wakaenda nao kuupima. Alipofariki nilikwenda kuudai nimzike akiwa mzima. Kijana wa dirishani, mwenye kucha ndefu kama zako, akaniambia umeshatupwa. Umeshatupwa! Kama maganda ya ndizi. Siku ile nilisema changu kitaingia ardhini mbele ya macho yangu, na kimeingia. Mambo yamekwisha.

Kuhusu mkataba wako, huo si ugonjwa wangu. Ukithubutu kunitaja kwa Mwalimu, nitakuja mwenyewe kwa huyo Daktari Naeema nimwambie ni nani aliyenipa kitu cha maabara bila sahihi yake. Mimi ni mgonjwa na ni mzee, watanipa kiti na chai. Wewe watakupa nini?

A. Ogweno


Kisumu, 10 Juni 2025

Mwalimu Caren,

Nimepokea barua yako ya tarehe mbili. Naomba radhi kwa kuchelewa.

Kipande ulichoulizia hakipo katika rafu kwa sasa. Mambo ya mgonjwa ni ya mgonjwa mwenyewe, na kanuni zetu haziniruhusu kuyaeleza kwa mtu mwingine, hata kama ni mwanawe. Ningekushauri uzungumze na Mzee.

Nasikitika kwamba siwezi kusema zaidi.

Wako mtiifu,
Byron Okello


Kombewa, 12 Juni 2025

Bwana Byron,

“Hakipo katika rafu kwa sasa.” Nimewafundisha watoto wa darasa la nne kwa miaka mingi, na mtoto aliyevunja dirisha la shule huongea hivyo hivyo. “Mwalimu, kioo hakipo kwa sasa.”

Umenishauri nizungumze na Mzee. Nimefunga safari kutoka Kombewa hadi Pap Onditi, nikamkuta amekaa kivulini akimenya njugu. Nikamwambia, “Baba, watu wa maabara hawakioni kipande chako.” Hakushtuka. Akasema, “Waulize wenyewe. Wenye hospitali ni wao.” Nikamwambia kuna dawa. Akasema dawa anazo, akanionyesha ile chupa ya kikohozi. Nikalia mbele yake, akaniambia nisogee, nimemzibia upepo.

Basi nimeelewa. Mmekipoteza, au mmekiuza. Kila mtu anajua kwamba jengo lenu limejaa watafiti wanaozunguka na visanduku vya barafu. Kipande cha mzee wa kijijini Nyakach hakina mwenyewe, sivyo? Kikatwe vipande vyembamba, kipakwe rangi, mtu asome digrii yake juu yake, na baba yangu afe.

Jumatatu tarehe ishirini na tatu nitakuwa ofisini kwa Daktari Naeema. Mwanafunzi wangu wa zamani sasa ni wakili hapo Milimani, nitakuja naye. Utamweleza yeye maana ya “kwa sasa”. Vaa lile shati.

Mwalimu Caren Ogweno


Kisumu, 13 Juni 2025

Mzee Absalom,

Tafadhali isome barua hii hadi mwisho kabla ya kukasirika.

Binti yako anakuja na wakili. Anaamini tumekiuza kipande chako, na wewe umemwacha aamini hivyo. Nikinyamaza nitaitwa mwizi, nikisema nitakuwa nimevunja ahadi. Lakini sikuandikii kwa ajili yangu tu. Nadhani hukuelezwa vizuri kipimo hicho ni cha nini, nami nimemuuliza Daktari Naeema kama mtu anayeulizia jambo la jumla, bila kutaja jina lako.

Alinieleza hivi. Mwili una askari wake. Askari hao wana breki, wasije wakawapiga wenyeji. Mwenyeji huwaonyesha alama, nao humwacha apite. Sasa, saratani nyingine hujifunza kuvaa alama hiyo hiyo. Inaitwa PD-L1. Askari wakiiona hudhani wamekutana na mtu wa nyumbani, nao humpisha. Dawa ya ghorofa ya pili huifunika hiyo alama, na askari huanza kazi yao. Ndiyo sababu wanataka kipande. Hukipaka rangi, kisha hutazama ni seli ngapi zimevaa alama. Zikiwa nyingi, nafasi ya dawa kusaidia huwa kubwa zaidi, na utafiti huu unapokea watu wa namna hiyo. Si ahadi. Wapo wenye alama nyingi ambao haikuwasaidia, na wapo wenye chache iliowasaidia. Lakini bila kipande hakuna njia ya kujua wewe uko upande upi.

Nta haiozi, Mzee. Kama ulikizika kwa uangalifu, huenda bado ni kizima. Ukikileta mwenyewe, nitakipokea kimya kimya, na hakuna atakayejua kilikuwa wapi.

Nakuomba kwa heshima yote.

Byron


Pap Onditi, 16 Juni 2025

Byron Okello,

Hadithi yako ya askari ni nzuri, ipeleke shule ya Jumapili. Ila umeniandikia nusu. Nusu nyingine nikuandikie mimi.

Mwaka jana nililala hapo kwenu nyuma ya pazia la kijani. Upande wa pili walisimama madaktari wawili, vijana wa rika lako, wakimjadili mgonjwa wa kitanda cha jirani. Mmoja alisema saratani ya kibofu ikiwa na alama nyingi, basi huyo ugonjwa wake ni mkali, huondoka mapema kuliko wenzake. Alisema hivyo huku akila andazi. Nilimsikia akitafuna. Sasa niambie, ni uongo?

Kwa hiyo usinifundishe kwamba “hatukujua, wewe wala mimi”. Mimi nilijua kwamba siku moja mtataka kukisoma. Nilikuja Februari nikitoe mikononi mwenu kabla hamjakisoma. La Dorca ni kweli, na hili nalo ni kweli, mtu anaweza kuwa na sababu mbili.

Hujui kinachompata mtu hapa kijijini hospitali ikishamsomea siku zake. Jirani yangu alisomewa. Kabla ya jua kutua shemeji zake walikuwa wanabishana ni wapi hema la matanga litasimama, na yeye yupo pale pale amekaa anawasikiliza. Walimwita marehemu kwa makosa, wakacheka, wakaendelea. Akaishi hivyo miaka miwili. Mimi nitakufa mara moja tu, asante.

Na hiyo dawa, nani amekwambia siitaki? Ningepewa bila kusomwa ningeinywa na chupa yake. Ninyi ndio mnaosema hakuna kuinywa mpaka mnisome kwanza.

Kipande kimo ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, kando ya Dorca, upande wake wa kulia. Nimekuandikia ili ujue kwamba hakipotei, uache kuota. Kilichozikwa kimezikwa. Ukija hapa na jembe nitakushushia panga la mguu, na mkataba wako watausaini ukiwa kwenye kiti cha magurudumu.

A. Ogweno


Kisumu, 19 Juni 2025

Mwalimu Caren,

Nimeanza barua hii na kuichana mara kadhaa.

Kipande hakikuuzwa. Baba yako alikuja kukichukua mwenyewe mwezi wa Februari. Nilikitoa bila sahihi ya daktari. Leo asubuhi nimemweleza Daktari Naeema, kabla hujafika na wakili wako, na ameniambia nitapata barua ya onyo.

Kimezikwa kando ya kaburi la mama yako, upande wa kulia, ndani ya kopo.

Nimevunja ahadi niliyompa mzee mgonjwa. Sijui kama nimefanya hivyo kwa kumhurumia au kwa kukuogopa wewe. Naomba jambo moja. Usiende huko na jembe. Mzee haikatai dawa. Anachokiogopa ni kusomewa siku zake mbele ya watu. Kaa naye umsikilize. Bado kuna siku kadhaa kabla ya mwisho wa mwezi.

Byron Okello


Kisumu, 23 Juni 2025

Byron,

Kopo limefika. Nimelileta mwenyewe na kumkabidhi Daktari Naeema mkononi, kwa sababu wewe siwezi kukuamini hata na kijiko. Barua hii nimeiacha mapokezi.

“Kaa naye umsikilize.” Wewe ulimsikiliza, na tazama tulipofika.

Nilikwenda jana asubuhi, yeye akiwa kanisani. Unajua maana ya mtoto kuchimba kando ya kaburi la mama yake? Unajua, nawe umezaliwa huku. Nilimwomba Mama radhi kwa sauti, kisha nikashika jembe. Halikuwa chini sana. Mchwa walikuwa wameanza kulizunguka, lakini mfuniko ulikuwa umebana, na ndani alikuwa amekifunga kwa leso yake ya kazini, ile ya posta.

Sikupata muda wa kufukia. Ibada ilikuwa imetoka mapema. Nilisikia fimbo yake kwanza, kisha sauti ya Apiyo ikisema, “Mungu wangu.” Baba alisimama akiwa ameshika kitabu cha nyimbo.

“Unatafuta nini kwa mama yako?”

“Nakutafuta wewe, Baba.”

“Mwalimu, fisi mwenyewe akichimba huona aibu, hungoja giza. Wewe umechimba mchana, Jumapili, na viatu vya kanisani.”

“Na wewe umejizika huku bado unakula ugali! Ulinitazama nikilia ukaniambia nimekuzibia upepo!”

“Ulikuwa umenizibia.”

Apiyo alianza kucheka, kisha akalia. Baba aliniambia nitoke, na kwamba nisirudi hadi aniite, na kwamba hataniita. Nilimwambia nimesikia. Nilipofika kwenye lango niligeuka, nikamwona amepiga magoti, anarudisha udongo kwa mikono. Apiyo alitaka kumsaidia, akamfukuza.

Hayo yote umeyafanya wewe. Kama ungemwambia Februari arudi na daktari awepo, kipande kingekuwa rafuni na mimi ningekuwa na baba. Kama ungenijibu dirishani siku ya kwanza, ningezungumza naye kabla ya kuwa na hasira. Ulingoja mpaka ilipobaki njia moja tu, ukaniambia nisiipite.

Naomba kipimwe leo.

Caren Ogweno


Kisumu, 30 Juni 2025

Mzee Absalom Ogweno,

Nakuandikia kwa agizo la Daktari Naeema, ambaye ataisoma barua hii kabla haijatoka. Chini ameweka sahihi yake.

Kipande chako kilifika kikiwa kizima. Kimepimwa. Kwa kuwa ulisema hutaki kusomwa, daktari ameagiza majibu yafungwe ndani ya bahasha ya pili, hii ya kaki, ambayo hulazimiki kuifungua. Unachohitaji kujua ni kwamba utafiti umekukubali, na jina lako limeingizwa leo kabla ya kufunga. Ukikataa, hakuna atakayekulazimisha. Kipande kilichobaki ni chako, utapewa wakati wowote, safari hii kwa sahihi mbili.

Nilimuuliza daktari kuhusu ulichosikia nyuma ya pazia. Hakunificha. Zipo tafiti zinazoonyesha kwamba wenye alama nyingi hufanya vibaya zaidi wasipopata dawa ya namna hii, na zipo zisizoonyesha hivyo. Alisema alama ile ile inayoonyesha ukali wa ugonjwa ndiyo inayoipa dawa mahali pa kuushika. Alisema pia kwamba alama husema juu ya watu wengi kwa pamoja, na juu ya mtu mmoja husema kidogo sana. Kuhusu daktari aliyekula andazi, ameuliza jina lake.

Naomba radhi kwa kumwambia binti yako. Sitakuomba unisamehe.

Byron Okello, Karani
Dkt. Naeema Obeid


Pap Onditi, 5 Julai 2025

Karani mwenye mdomo,

Bahasha ya kaki nimeifungua. Nilifanya kazi posta miaka yote ile bila kufungua bahasha ya mtu, nikaona hii ina jina langu. Nimesoma. Namba ni kubwa. Nimekaa nayo siku tatu na bado nimeamka kila asubuhi nikitaka uji, kwa hiyo labda mtabiri wenu naye hubahatisha.

Mchungaji amekuja tumeombea mahali pa Dorca na kupafunika upya. Wazee wa ukoo nao wamekuja, wao wana maneno yao. Wanasema mzazi akifa huku amemfukuza mtoto kwa ajili ya kaburi, na hawajapatana, chira, laana ya kuvunja mwiko, itaingia kwenye nyumba, wajukuu watadhoofu mmoja mmoja bila ugonjwa kujulikana. Mimi ni Mkristo, lakini kwa wajukuu wangu sitajaribu.

Tatizo ni kwamba kupatana na Mwalimu siwezi. Nina hasira mno. Nikimwona leo nitamtukana, naye atanijibu, mdomo ameurithi kwangu. Hasira hii inahitaji muda wa kupoa, na mimi muda sina. Kama dawa yenu inaongeza muda, nitakuja kuichukua. Sio kwa ajili yako. Sio kwa ajili yake pia, asijisifu.

Nitakuja peke yangu. Asiwepo mtu wa kunishika mkono. Na matokeo yangu, yawe mazuri au mabaya, ni yangu. Usimpe Mwalimu hata akikuvua shati. Ulishavunja neno mara moja. Nataka nione kama unaweza kulishika la pili.

A. Ogweno


Kombewa, 6 Oktoba 2025

Byron,

Nilijiapiza kwamba sitakuandikia tena.

Baba hanijibu. Nilituma unga, ukarudi. Nilituma sweta, Apiyo anasema amelivaa lakini ameamuru nisiambiwe. Ninajua anakuja kuwekewa dripu kila wiki ya tatu. Ninajua alipigwa picha wiki iliyopita, kwa sababu Apiyo alimwona akibeba ile bahasha kubwa. Apiyo alimuuliza kuna nini ndani, akamwambia kuna picha ya harusi.

Wewe faili lake limo mikononi mwako. Sikuombi ripoti nzima. Nataka neno moja tu. Uvimbe umepungua au haujapungua?

Nilipokutukana ulinipa siri yake. Sasa nakuuliza kwa adabu. Ukininyima nitajua kwamba wewe ni mtu wa kupigiwa kelele tu, na kelele bado ninazo. Daktari Naeema hajui kwamba ulimwandikia baba yangu kwamba utakipokea kipande “kimya kimya, na hakuna atakayejua”. Barua hiyo Apiyo aliikuta ndani ya kopo la chumvi jikoni kwake, akaniletea, nami ninayo.

Nakupa wiki moja.

Caren


Kisumu, 9 Oktoba 2025

Mwalimu Caren,

Mpelekee Daktari Naeema barua hiyo. Nimeshamwambia asubuhi hii kwamba ipo na kwamba itakuja. Sijui atafanya nini. Mkataba wangu waliuongeza hadi Desemba tu.

Sitakuambia kilichomo kwenye faili. Wala sitasema “kwa sasa” au “kanuni haziniruhusu”. Sitakuambia kwa sababu ni mambo yake, na alinikataza. Hata ukija na mawakili wote wa Milimani, jibu ni hilo.

Kuna mambo ambayo sikuyasoma popote, nimeyaona tu kwa macho yangu hapa jengoni, na hayo hakunikataza. Mwezi wa Julai alipanda ngazi akiwa ameshikilia ukuta, na katikati alikaa chini. Jumanne hii alipanda akigombana na mlinzi aliyetaka kuikagua fimbo yake, na aligombana naye hadi juu bila kusimama kuvuta pumzi. Mimi hanisalimu. Sweta ni la kijani.

Atakuja tena Jumanne ya tarehe ishirini na nane, saa tatu asubuhi. Huketi kwenye lile benchi refu lililo mbele ya kituo cha utafiti akingoja kuitwa. Watu huwa wengi na viti havitoshi. Yeye huvua kofia na kuiweka juu ya benchi, kando yake. Mtu akija akitaka kukaa hapo, humwambia pana mwenyewe. Wanamuuliza mwenyewe yuko wapi, anawajibu kwamba anachelewa, ni mwalimu.

Byron Okello